Gemu ya Kufa Mara Moja

6 Februari

Na bado nasema, kaka, hata ukinirushia matusi: gemu ambayo mtu akifa anarudi pale pale alipoanguka, na upanga wake na farasi wake, si gemu ya watoto. Ni gemu ya watu waliofanya kazi kutwa nzima na wanataka kuua joka moja wapumzike. Haya ningekwambia kwa simu, lakini simu yangu hupokei tangu siku ile, ndiyo maana nimechukua karatasi hapa dukani tunapotoa fotokopi, nikajibanza nyuma ya mashine nikuandikie kama watu wa zamani.

Nimeanza vibaya. Shikamoo kaka. Mimi ni mzima, mzima kiasi cha kunitia aibu. Mume wangu (ngoja niandike tena: mume wangu!) hajambo. Pua imerudi mahali pake, ingawa imeelemea kidogo kushoto, na mimi naona imempendeza, imempa sura ya mtu aliyetoka vitani. Kidole bado kimefungwa. Ni kidole cha mkasi, na wewe unajua kinyozi bila kidole cha mkasi ni nani. Wateja wake wazee wamekataa kwenda kwingine. Wanakuja, wanasoma gazeti, wanaondoka na nywele zao. Mama mkwe hajambo pia, ila nisikufiche: amesema hutakanyaga nyumba hii mpaka umwombe mwanawe msamaha kwa mdomo wako, mbele yake. Shangazi anakusalimu, anauliza kama unaweza kutafuna. Jino lako liliokotwa chini ya meza ya keki.

Kaka, tumekuwa wawili tu. Mama alituacha nikiwa mchanga, na baba, na ukali wake wote, naye ametuacha miaka mitatu sasa. Duniani nina watu wawili ninaowapenda, na mmoja amemrushia mwenzake kiti siku ya harusi yangu. Kila mtu anasema mligombana kwa sababu ya gemu. Ni kweli mlibishana tangu mchana. Yeye alisema Ufalme wa Dhahabu ndiyo bora kuliko hiyo gemu yako ya Shimo kwa sababu inachezwa na dunia nzima, wewe ukamwambia hata dawa ya mswaki inatumiwa na dunia nzima, meza nzima ikacheka, na yeye alicheka kuliko wote. Halafu saa kumi na moja kiti kikaruka. Ukapita juu ya keki. Ukampiga kichwa, ukamkanyaga mkono, mpaka akachukua maikrofoni ya mshereheshaji akakupiga nayo mdomoni, na ukumbi mzima ukasikia jino likivunjika kwenye spika.

Mtu anavunja pua ya shemeji yake kwa sababu ya gemu?

Nataka uje kwangu. Nataka ukae kwenye kochi langu jipya, kati yetu, tucheze, nikuone ukicheka. Sitaki kuishi maisha haya matamu nikiwa nimekupoteza. Niambie lini.

Mdogo wako, ambaye sasa ni mke wa mtu


19 Februari

Marahaba mdogo wangu.

Barua nimeipata ikiwa imefunguliwa. Mlinzi wa ghala anasema alisikia harufu ya manukato akadhani ni yake. Mimi mzima. Kazi ni ile ile, mifuko ya saruji kutoka kwenye lori mpaka ghalani, kutoka ghalani mpaka kwenye lori. Mgongo upo. Natafuna upande mmoja. Msalimu shangazi.

Habari yangu ni kwamba mtu wangu wa arobaini na moja amekufa. Nimemwandika kwenye daftari pamoja na wenzake. Alikaa Shimoni siku hamsini na tatu, hakuna wangu mwingine aliyekaa hivyo. Nyundo ilimshukia begani, mkono wa kushoto ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Kwenye Ufalme wenu ungekunywa chupa nyekundu, mkono ukaota. Shimoni mkono ukikatika umekatika. Nilijikata ngozi iliyobaki nikaendelea na mkono mmoja, vyumba vitatu, damu ikichuruzika nyuma yangu, na damu inafuatwa na mbwa. Mbwa wa kwanza nilimchoma jicho mpaka kisu kikagota mfupa. Wa pili akanishika koo. Faili linajifuta lenyewe. Skrini nyeusi. Hakuna muziki.

Umeniuliza mara nyingi raha iko wapi. Raha ni kwamba gemu hii haimdanganyi mtu. Kila pigo lina dalili yake. Bega hutangulia, kisha kiwiko, kisha chuma. Ukiangalia chuma umechelewa. Ufalme wenu unakuwekea mshale wa kukuonyesha njia, na adui anakusubiri upige kwanza. Adui anayekusubiri si adui, ni mhudumu wa hoteli.

Kuhusu siku ile: tuligombana kwa sababu ya gemu, kama watu wanavyosema. Usipoteze wino. Kuja sitakuja.

Kaka yako


3 Machi

Shikamoo kaka, na pole kwa msiba wa huyo wa arobaini na moja. Sikutanii. Haya, nakutania kidogo.

Sisi wazima kabisa. Kidole kimefunguliwa! Mteja wa kwanza wa mkasi alikuwa mzee mmoja aliyefuga nywele wiki zote hizi akimsubiri. Alimkumbatia mume wangu mlangoni. Laiti ungemwona akifanya kazi. Siku nzima anapitisha wembe kwenye makoo ya watu, na wanaofumba macho wanafumba kwa usingizi. Jumamosi alinitengeneza nyusi, akaona lile kovu langu juu ya jicho la kushoto, pale ambapo nywele hazioti. Nikamwambia nilianguka ngazini nikiwa na miaka mitano. Akalibusu. Akasema, "Hizo ngazi nikizikuta nazibomoa." Nani anaongea hivyo, kaka? Nani, kama si mume wangu?

Sasa sikiliza. Nimenunua Shimo. Nilitaka kujua unakokwenda ukitukimbia. Jumapili nzima tulikaa sakafuni, watu wawili na pedi moja ya kuchezea, na nikafa mara kumi na moja. Mara ya kwanza hata mlangoni sikufika, niliteleza kwenye damu ya mtu mwingine nikaangukia mkuki. Mara ya nne mwanamke asiye na taya alinikumbatia mpaka mbavu zikatokeza nje ya fulana. Ile sauti! Kama mtu anavunja kuni mbichi gotini. Mara ya tisa niliua. Nilimponda mlinzi kwa jiwe, na hakufa mara moja, na gemu haikunipa tarumbeta wala nyota, ilinisimamisha tu pale nikimsikiliza anavyokoroma mpaka akaisha. Nikalia. Mume wangu akaizima, akaweka Ufalme, akaniambia twende kwetu.

Maana sijakwambia: humo ndani nako tumeoana! Mtu wangu ni mpiga mishale, wake ana shoka. Aliniletea pete iliyokuwa tumboni mwa joka. Alimezwa mzima, akalipasua joka kwa ndani kuanzia tumbo mpaka koo, matumbo yakamwagika sakafu nzima ya hekalu, akatoka amelowa damu mpaka kope, ameinua pete. Kengele zikalia, kijiji kizima kikarusha maua. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Kwa hiyo tofauti yetu sasa naijua. Damu ni ile ile. Yetu ina mwisho mzuri na yako haina, na sielewi kwa nini mtu mwenye akili zake achague isiyo na mwisho mzuri.

Mume wangu anasema ukija atacheza Shimo na wewe, na atakufa kwa heshima zote. Yeye ameshakusamehe. Imebaki wewe. Njoo, kaka. Mama mkwe nitamlainisha, ananipenda.

Mdogo wako


11 Aprili

Marahaba.

Nimekawia, mambo yalikuwa mengi. Nimehama chumba. Tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha, usiandike tena ghalani.

Wa arobaini na mbili yu hai. Jana aliua watu sita kwenye daraja la mifupa. Wa mwisho alikuwa amepiga magoti, ameshatupa silaha, nikamkata kichwa hivyo hivyo, kwa sababu mwaka jana wa thelathini na tatu alimwacha mmoja wa namna hiyo akachomwa mgongoni. Simalizi kuifikiria ile shingo. Kichwa kilibingirika kikanitazama. Kwa kawaida sijali.

Nina maswali. Yajibu bila mapambo yako. Akikosa kitu chake ndani ya nyumba, anaita au anakuja mpaka ulipo? Ukivunja glasi, neno lake la kwanza ni lipi? Jioni akirudi, unasikiliza funguo zake mlangoni kujua ni siku ya namna gani?

Usimwonyeshe barua hii.

Kuhusu kovu, sawa.

Kaka yako


20 Aprili

Shikamoo kaka. Nimemwonyesha. Ulitarajia nini? Ni mume wangu.

Majibu, bila mapambo. Akikosa kitu, anaita, tena kwa kuimba, na kitu chenyewe mara nyingi amekivaa. Funguo zake sijawahi kuzisikiliza, huwa nimeshafungua mlango kabla hajazitoa. Glasi nilivunja wiki iliyopita, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Usisogee, uko peku." Akanibeba mpaka kitandani, akarudi kufagia. Hilo ni pambo, najua, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa zamu yangu. Shangazi alipita dukani, ananiambia ghalani umefukuzwa tangu mwezi wa tatu. Mambo yalikuwa mengi, eti! Anasema karani aliinua ule ubao wake wa kuandikia ampige nyigu aliyekuwa anazunguka kichwa cha dada wa stakabadhi, na wewe ukaruka kutoka juu ya mifuko. Ulimlaza karani kwenye saruji ukampiga mpaka taya likaenda upande. Watu wanne walikuvuta, na hata walipokushika mikono uliendelea kumfikia kwa miguu. Uso wake ulikuwa mweupe kwa saruji na mwekundu kwa damu. Yule dada alikuwa anapiga kelele kwamba hakufanyiwa kitu, hakufanyiwa kitu. Nyigu akaenda zake.

Nilimsimulia mume wangu nikiwa nalia. Alikuwa anapiga pasi shati. Akaizima pasi, kisha akasema: "Mimi pia niliinua mkono."

Nikamwuliza lini, akasema siku ya harusi. Na ni kweli, kaka, nilisahau kabisa, kwa sababu kiti kilikuja juu yake. Nilikuwa nimemlalamikia kwamba jitu la darajani kwenye Ufalme linaniua kila mara kwa rungu lake. Akasimama pale pale meza kuu, amevaa suti yake, akachukua upawa akauinua juu ya kichwa changu. "Likiinua hivi, unainama, unabingirika kushoto." Nikainama. Tulikuwa tunacheka. Halafu wewe.

Uliona nini?

Sitanii safari hii, wala sikuiti kwenye kochi. Nijibu tu.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii nimeichana mara nne.

Hukuwa unacheka. Nilikuwa meza ya tatu, naona vizuri. Ulicheka baada ya kuinama. Wakati unainama ulikunja shingo, ukaweka kiganja juu ya jicho la kushoto. Mtu anayecheza hainami hivyo.

Hatujawahi kuishi kwenye nyumba yenye ngazi.

Ulikuwa na miaka mitano, mimi kumi na miwili. Nilichelewa kutoka shule. Baba alikuwa ameshika mkanda kwa upande wa ngozi, ile chuma yake ikiwa chini. Nilipoingia ulikuwa chini ya meza, jicho limejaa damu, hulii, unapumua tu haraka haraka. Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati. Muuguzi alipouliza nikasema ngazini. Njia nzima ya kurudi nilikurudia hilo neno mpaka ukaanza kulisema mwenyewe.

Wiki ile nikaazima mashine ya gemu kwa mwanafunzi mwenzangu, sikumrudishia mpaka leo. Nikakuwekea Ufalme, ule wa kwanza, kiwango cha chini kabisa ili usife na kuivua hedifoni. Nikisikia funguo za baba mlangoni nakuvalisha hedifoni, nakuambia usiivue mpaka umwokoe malkia. Kisha natoka sebuleni, nafunga mlango wako. Miaka sita. Umemwokoa malkia mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani.

Bega, kiwiko, chuma sikujifunza Shimoni. Shimo nililikuta nikiwa mtu mzima, nikaona aliyelitengeneza anaijua sebule yetu. Baba alinivunja mbavu mbili kwa mguu wa kiti. Sikio la kulia halisikii tangu nina miaka kumi na minne, ndiyo maana simu na mimi hatuelewani. Nilipofika kumi na minane alinyanyua chupa na mimi nikaona bega. Nilimpiga mpaka nikachoka. Alitambaa mpaka chooni akijishika meno. Hakuinua mkono tena mpaka anakufa, na ninyi nyote mkasema uzee umempoza.

Sasa mikono yangu inatangulia, mimi nafuata. Karani hakunikosea kitu. Nilikwenda hospitali kumwomba radhi, akanikubalia kwa kichwa, taya limefungwa waya. Hakunishtaki. Mume wako naye hakunikosea, mwambie hivyo, na mwambie mama yake kwamba nimeomba msamaha. Lakini kwako siji, si mwaka huu wala ujao. Siku moja atainua mkono kufungua pazia, na nikija kujua ni pazia nitakuwa nimeshamuua, mbele yako. Nimeliona hilo mara nyingi kichwani, mpaka damu ilivyoruka kwenye kochi lenu.

Unauliza kwa nini mtu achague gemu isiyo na mwisho mzuri. Wewe kaa na wako. Niliufanyia kazi.

Kaka yako


7 Juni

Kaka yangu, kaka yangu, kaka yangu.

Shikamoo. Barua yako niliisoma dukani, mteja akiwa anasubiri nakala ishirini za cheti. Nilipoteza hesabu, mashine ikatoa mia moja na kitu, na mteja, baba wa watu, akanipa leso yake akaondoka bila nakala hata moja.

Nimekasirika. Wacha nikwambie kwanza hilo. Miaka yote hiyo nimejivuna kwamba mimi ni fundi wa gemu, nimemringia hata mume wangu, kumbe niliwekewa kiwango cha chini kabisa! Na nimekasirika kwa sababu ulifunga ule mlango. Nakumbuka mlango. Nakumbuka tarumbeta ya malkia, ilivyokuwa na sauti kubwa, na kwamba wewe ulikuwa mtu wa kuanguka anguka, kila wiki umeanguka na baiskeli ya rafiki yako. Nilikuwa nakucheka. Siku ile umefungwa mbavu nilikuiga unavyotembea. Nimekaa jikoni siku tatu nikijiona nakuiga unavyotembea.

Baba sijui nimfanye nini. Sitaandika juu yake leo. Nikimfikiria natamani angekuwa kwenye Shimo, nami nina jiwe mkononi, na asikorome muda mrefu wala mfupi. Umeona? Hata mimi ninazo hizo picha. Nami ni mtoto wa nyumba ile, na hakuna anayenikimbia.

Mume wangu nilimsomea barua yote, sauti ikakatika kwenye lile neno la ngazi, akamalizia yeye. Alikwenda akaosha vyombo vyote, hata visafi. Aliporudi akasema, "Kumbe alinipiga kwa sababu anakupenda kuliko mimi." Nikamwambia usianze mashindano. Akacheka huku analia, na pua yake ile. Mama mkwe nimemwambia kidogo tu, kwamba umeomba msamaha na kwamba ulinilea. Baadaye nikamsikia uani anamwambia jirani, "Kaka wa mkwe wangu ni mtu wa maana, msimseme."

Sasa hili la kutokuja. Nimelisoma, nimelielewa, na nimelikataa. Usije. Sawa. Tunakuja sisi. Mume wangu amebandika karatasi kwenye mlango wa kinyozi, siku nne, na wazee wake wamenung'unika sana. Nimemwuliza, na kama akikupiga tena? Akasema pua ina upande wa pili. Nimemwuliza bila mzaha, naye akajibu bila mzaha: kwamba hutaona bega lake likipanda bila kusikia sauti yake kwanza. Wiki nzima anafanya mazoezi hapa ndani. "Nainua mkono, nachukua chumvi." "Nainua mkono, nafunga dirisha." Jana usingizini akasema ananyoosha mkono kuvuta shuka, nami nilikuwa macho, nikavutiwa shuka, na sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda pale. Ukikosea, kaka, mimi nitakuwa katikati yenu, na mimi huwezi kunipiga. Hilo una miaka ishirini ya kulithibitisha.

Usisafishe chumba. Usinunue kitu. Usihame tena, nakujua. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha, na mlango wako ukigongwa chini, kwa mguu, usiruke: ni shemeji yako, mikono iko mfukoni, na haitatoka mpaka wewe mwenyewe umwambie aitoe.